Mwili Unapoikataa Tumbaku

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, tumbaku huchumwa wakati wa mvua. Majani huiva kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo mchumaji hupita shamba lilelile mara kadhaa kwa msimu, kila safari akivunja majani mawili matatu ya kila mche na kuyabana kwapani hadi mzigo ujae. Wengi huanza alfajiri, umande ukiwa bado umetuama. Jua likipanda, shati limekwisha kulowa kifuani na viganja vimeshika gundi nyeusi isiyotoka kwa maji matupu. Saa chache baadaye, kwa baadhi yao, kichwa kinaanza kugonga, mate yanajaa mdomoni, jasho baridi linatoka, tumbo linasokota, kisha matapishi. Usingizi unagoma. Kesho yake au keshokutwa yote yameisha.

Jibu la haraka ni malaria. Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria nchini, na hakuna ubaya kuanza na kipimo. Lakini kipimo kikisema hakuna vimelea, na mgonjwa hana homa, yafaa aulizwe jambo jingine: asubuhi ulikuwa shamba gani, na nguo zako zililowa nini?

Kitabibu hali hii huitwa ugonjwa wa tumbaku mbichi. Madaktari wa Florida, Marekani, waliiandika mwaka 1970. Miaka minne baadaye Stephen Gehlbach na wenzake, waliowachunguza wachumaji wa North Carolina, wakaihusisha na nikotini inayopenya kwenye ngozi. Mtaliano Bernardino Ramazzini, tabibu anayehesabiwa baba wa tiba ya magonjwa ya kazini, alikuwa ameshaandika mwanzoni mwa miaka ya 1700 kwamba wanaoshughulika na tumbaku huumwa kichwa na tumbo. Kati yake na Gehlbach imepita zaidi ya miaka 250, dunia nzima ikivuta. Sioni sababu kubwa ya ukimya huo zaidi ya kwamba wagonjwa walikuwa vibarua.

Mmea wa tumbaku hutengeneza nikotini mizizini na kuipandisha kwenye majani, ambako kazi yake ni kuwapiga wadudu. Nikotini huchanganyika na maji, na vilevile hupenya kwenye mafuta. Sifa hizo mbili kwa pamoja ndizo zinazoiwezesha kutoka kwenye jani, kuingia kwenye umande, kisha kuvuka ngozi ya binadamu. Vipimo vya mashambani huko Marekani vilionyesha kwamba mililita 100 za umande wa tumbaku zinaweza kubeba miligramu 9 hivi za nikotini, sawa na sigara sita za kawaida. Mililita 100 hazijazi hata nusu ya kikombe kikubwa cha chai, na shati lililolowa tangu alfajiri hubeba zaidi ya hapo. Joto la kazi huzidisha damu kwenye ngozi, unyevu huilainisha, na kila mchubuko ni mlango mwingine.

Ikishaingia, nikotini hujifanya asetilikolini, mojawapo ya kemikali ambazo neva hutumia kupeana habari. Ndiyo maana dalili hutawanyika: moyo, utumbo, tezi za mate na za jasho, hadi sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ini huivunja upesi, kiasi kwamba nusu yake huondoka kwenye damu kwa muda wa saa mbili hivi. Inayobaki ni kotinini, mabaki yanayoweza kupimwa kwenye mkojo siku chache baadaye. Na hapa kuna jambo linaloshangaza: mvutaji wa sigara huugua kidogo kuliko asiyevuta, kwa sababu mwili wake umekwisha kuizoea nikotini. Anayeangushwa zaidi ni mama au kijana ambaye hajawahi kuweka sigara mdomoni.

Kinga inajulikana. Kusubiri umande ukauke, kuvaa nailoni au koti la mvua na glavu, kubadili shati likilowa, kuoga kwa sabuni mara tu kazi inapokwisha. Mjamzito na anayenyonyesha wasichume kabisa, maana nikotini humfikia mtoto kwa kondo na kwa maziwa, na watoto wakae mbali na majani mabichi. Kuyasema haya ni rahisi. Tumbaku ya mvuke ina ratiba yake: bani, yaani banda la kukaushia, linapaswa kujazwa majani yaliyoiva sawasawa kabla moto haujawashwa, na mwenye bani akisubiri hadi saa nne umande uishe, kazi inaangukia kwenye jua la mchana. Kuchuma ndani ya nailoni saa saba mchana nako ni ugonjwa wa namna yake. Wakulima wanaochagua alfajiri wanajua wanachokifanya.

Nimekaa shambani muda wote huu kwa sababu nikotini iliyo kwenye vimiminika vya sigara za kielektroniki, vepu kama vijana wanavyoziita, sehemu yake kubwa duniani hutolewa kwenye majani ya tumbaku. Mfamasia wa China, Hon Lik, alibuni kifaa cha kisasa cha namna hii mwaka 2003, mwaka uleule Tanzania ilipotunga sheria yake ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, kwa hiyo si ajabu kwamba sheria hiyo iliandikwa ikiifikiria sigara ya kuwasha kwa kiberiti. Uganda walikuja baadaye, na sheria yao ya 2015 ikazipiga marufuku sigara za kielektroniki moja kwa moja.

Anayevuta akasema “vepu hii hainikubali” anaweza kuwa anasema mambo matatu yasiyohusiana. Huenda amezidisha sumu. Huenda koo na mapafu yake yamewashwa tu, kama yatakavyowashwa ya mtu yeyote. Au huenda ana mzio wa kweli, yaani aleji, ambapo kinga ya mwili wake imeitambua kemikali fulani kuwa adui na itaipiga hata ikija kidogo. La tatu ndilo linalotajwa sana, na ndilo lililo nadra kuliko mengine. Kuyachanganya kunapoteza fedha na muda, kwa sababu dawa ya mojawapo haisaidii jingine.

Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho na moyo kwenda mbio baada ya kuvuta: huo ni ugonjwa wa mchumaji wa Kibondo ulioingia kwa mlango mwingine. Zamani nikotini nyingi kwenye vepu ilikwaruza koo, mtu akaacha mwenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya Pax Labs ya Marekani ilitoa Juul, vepu ambayo nikotini yake imechanganywa na asidi ya benzoiki, mchanganyiko unaopita kooni kwa ulaini. Baadhi ya vimiminika vya namna hiyo hufikia miligramu 59 za nikotini kwa mililita moja. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 20. Koo lilikuwa mlinzi, na mlinzi amelazwa usingizi. Kubadili ladha ya embe kuwa ya nanasi hakutibu chochote hapo. Kinachotibu ni kupunguza nikotini, au kuacha.

Mdomo kukauka, koo kuwa na vidonda, pua kutoka damu kidogo: hapo mtuhumiwa wa kwanza ni propileni glaikoli, kimiminika chepesi kinachobeba ladha na nikotini. Kinavuta maji popote kinapogusa, na unyevu wa koo ni maji. Kunywa maji mengi na kupumzisha koo husaidia. Wapo wachache wenye mzio nacho kweli. Madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani walikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2018, kwa kuwa kimo kwenye krimu nyingi, vipodozi, na hata baadhi ya sindano. Basi mtu ambaye ngozi yake iliwahi kutoka vipele kwa krimu aliyopewa kutibu vipele, halafu sasa midomo inamwasha kwa vepu, ana kisa cha kumsimulia daktari.

Wauzaji humshauri mtu huyo ahamie kwenye kimiminika chenye gliserini nyingi. Kigoma wanaijua gliserini hata kama hawajawahi kuitaja. Kila chembe ya mafuta ya mawese ina gliserini kama uti wa mgongo, na asidi tatu za mafuta zimeshikamana nayo. Ukipika sabuni kwa mawese, asidi zinakuwa sabuni na gliserini inaachiliwa. Viwanda hukamua gliserini ya vepu kwenye mafuta hayohayo ya michikichi, ya nazi au ya soya. Haikaushi koo sana. Lakini ni nzito, haifiki upesi kwenye utambi wa kifaa, na utambi ukikauka waya unaunguza. Gliserini iliyounguzwa hutoa akrolini, gesi ileile inayomfanya mama anayeunguza mawese ili kupunguza wekundu atoke jikoni akifuta macho. Mvutaji anayekohoa kwa harufu ya kuungua hana mzio wowote. Kifaa chake kina moto mwingi, na mapafu yake yanafanya kazi yao.

Kwenye ladha ndiko mambo yanakochanganyika hasa. Kemikali iliyoruhusiwa kuliwa haijaruhusiwa kuvutwa. Mwaka 2000 iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, walikuwa wameharibika mapafu kwa kupumua mvuke wa ladha ya siagi. Kemikali iliyoshukiwa, diasetili, hukaa vizuri tu tumboni, na imewahi kukutwa kwenye vimiminika vya vepu. Kemikali inayoupa mdalasini ukali wake inajulikana tangu zamani kwa kuleta mzio wa ngozi na midomo. Kisha mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ladha kama ya vanila na ya mdalasini huungana na glaikoli ndani ya chupa ikiwa imekaa tu rafuni, zikazaa kemikali mpya ambazo hazimo kwenye lebo na ambazo huamsha neva za mwasho, zikiwemo zile zinazoitikia pilipili.

Anayetaka kujua kinachomsumbua hana budi kuacha vimiminika vyote kwanza, hadi dalili ziishe kabisa. Zisipoisha, tatizo si vepu na anahitaji kupimwa. Akirudia, ajaribu kisicho na ladha na chenye nikotini kidogo, abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Mwenye pumu asifanye majaribio haya. Kwangu mimi, asiyewahi kuvuta sigara hana anachokitafuta humo. Kifua kubana kwa filimbi, midomo au ulimi kuvimba, mwili kutoka mabaka ya kuwasha kwa ghafla ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, ambako sindano ya adrenalini inaweza kuokoa maisha. Kikohozi, pumzi fupi na homa vinavyoendelea kwa siku kadhaa navyo visipuuzwe: Marekani ilihesabu wagonjwa 2,807 wa mapafu yaliyoumizwa na vepu, na vifo 68, kufikia Februari 2020, wengi wao wakiwa wamevuta vimiminika vya bangi vilivyotiwa mafuta ya vitamini E.

Chupa yenyewe nayo ni ya kuogopwa. Mililita 30 za kimiminika chenye miligramu 50 kwa mililita hubeba miligramu 1,500 za nikotini, zikiwa na harufu ya matunda inayomvutia mtoto. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki huko New York baada ya kumeza kimiminika cha namna hiyo. Kikimwagika kwenye ngozi, fanya afanyavyo mchumaji mwenye tahadhari: vua nguo iliyolowa, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika. Mkimbizeni kituo cha afya kilicho karibu, na chupa mwende nayo, ili daktari asome nguvu ya nikotini iliyoandikwa juu yake.