Somo la Redio: Riale ya Sham na Rupia ya Mjerumani

Leo tutazungumza juu ya sarafu za fedha za zamani, maana mama mmoja wa darasa letu la Kariakoo ameniletea mbili, zimefungwa katika pindo la kanga. Alizirithi kwa bibi yake. Mnunuzi mmoja ameahidi kumlipa kwa uzito tu, na mama anataka kujua kama bei hiyo ni ya haki.

Sarafu ya kwanza ni kubwa, upana wake karibu sentimita 4. Ina sura ya mwanamke mnene mwenye ushungi. Huyu ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Wazee wa pwani waliiita riale ya Sham. Ile ya Kihispania, yenye nguzo mbili, waliiita riale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile waliziona kama mizinga. Katika karne ya 19 pembe za ndovu na karafuu za Unguja zilinunuliwa kwa riale. Ndiyo sababu neno letu "fedha" ni jina la madini na pia ni jina la mali ya kununulia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Riale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, lakini haina maana kwamba ilipigwa mwaka huo. Wafanya biashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikataa sarafu yenye sura au mwaka mwingine, basi Vienna ikaendelea kupiga ile ile. Baada ya mwaka 1935 ilipigwa hata Roma, London, Paris na Bombay. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Hii ina miaka zaidi ya mia mbili, tazama mwaka wake," usimlipe kwa ajili ya mwaka huo. Pengine ni changa kuliko baba yako.

Pimeni kwanza. Riale nzima ina uzito wa gramu 28, na sehemu 5 katika 6 ni fedha safi. Gawanyeni 28 kwa 6, kisha zidisheni kwa 5: mtapata gramu 23 na kidogo. Tazameni pia ukingo wake. Mna maandishi yaliyoinuka. Sumaku ikiivuta, si fedha. Lakini isipoivuta, msifurahi upesi, kwani hata shaba haivutwi.

Riale ya mama imetiwa kikuku cha kuvalia shingoni. Watoza sarafu hawakipendi kikuku, kwa hiyo hii bei ya uzito inaifaa.

Ya pili ni habari nyingine. Ni rupia ya Wajerumani, ndogo, gramu 11 na theluthi mbili, yenye Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuipiga mwaka 1890, upande wa pili ikiwa na simba mbele ya mti. Kuanzia 1904 serikali yao ilipiga yake, na rupia moja ikawa heller 100. Kutoka heller tulipata "hela". Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba, na rupia kama hizi watu walizitafuta kwa jasho.

Hapa mwaka una maana, kwa kuwa miaka mingine zilipigwa chache. Rupia ya mama ni ya simba, na maandishi yake yanasomeka. Nimemwambia asiiuze kwa uzito kabla ya kuuliza kwa watoza wawili au watatu. Wala asiisugue! Mimi niliwahi kusugua ya babu yangu kwa majivu na ndimu. Iling'aa sana, na mtoza sarafu alipoiona alitikisa kichwa tu, akanirudishia.

Andikeni zoezi. Mtu ana riale 3 nzima. Sonara anamwambia, "Humu mna gramu 60 za fedha safi." Je, ni gramu ngapi hakuzitaja? Tutasahihisha Alhamisi. Kwaherini.