Mashine ya kufyonza ikigoma: tuangalie nini kabla ya kuomba mpya

Ndugu wanakamati za sharika na wafadhili wetu, vituo vya afya vya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa huomba mashine mpya za kufyonza, ambazo wauguzi huziita sakshen. Mara nyingi pampu ni nzima. Kilichochoka ni raba au mpira tu.

Mashine hii hutoa hewa ndani ya chupa, na damu, makohozi au matapishi yakavutwa kupitia mpira hadi chupani. Mama aliyepewa dawa ya usingizi akitapika, matapishi huweza kuingia mapafuni kwa muda mfupi sana. Saa hiyo hakuna nafasi ya kumwita fundi kutoka Mbeya. Ndiyo maana mashine hujaribiwa kila asubuhi, kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni kidole gumba. Muuguzi avae glavu, achomoe mpira kwenye pampu, awashe, kisha azibe tundu la kuingizia hewa. Mshale wa geji ukipanda, pampu haina tatizo. Arudishe kipande kimoja kimoja, yaani kichujio, chupa na mipira, akiziba mwisho kila mara. Mshale utakapogoma, hapo ndipo hewa inapovuja. Kwa joto letu la Kyela, raba ya kifuniko cha chupa hukauka na kupasuka, basi aanze kuishuku hiyo.

Mshale usipopanda kabisa huku mota inanguruma, aangalie kama kirekebisha nguvu kimeachwa wazi. La sivyo, kiwambo cha mpira kimetoboka au vali zina uchafu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mara nyingine mshale uko juu lakini hakuna kinachovutwa. Njia imeziba: chupa imejaa na boya limefunga, au kichujio kimelowa. Kichujio kilicholowa hubadilishwa. Wako wanaokitoa na kuendelea na kazi. Majimaji yakifika kwenye pampu, hapo kweli mtahitaji mashine mpya.

Mashine iliyopandishwa Tukuyu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa, haitafikisha kipimo cha juu ilichofikisha Matema. Si mbovu, hewa ya huko ni nyepesi. Kwa mtoto mchanga nguvu isizidi milimita 100 za zebaki, na mtoto anayelia vizuri hahitaji kufyonzwa.

Wafadhili wetu, umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine ya volti 110 ikichomekwa moja kwa moja huungua. Tunaomba kila mashine ije na vichujio, mipira na raba za akiba. Kamati nazo zitenge fungu dogo la vipuri hivyo, pamoja na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, maana umeme ukikatika usiku hiyo ndiyo itakayotumika.