Batri ya pili haijai? Anza na rele, usikimbilie kununua

Ndugu wasomi, najua wengi wenu mtasema: agronome na umeme wa gari, wapi na wapi? Lakini ukipata kazi ya terani huku kwetu, Sange, Luvungi ao Kiliba, utapewa jeep yenye batri mbili: moja ya kuwasha motere, ya pili ya frigo. Ndani ya frigo kuko chanjo ya kuku ya Newcastle, na ile inataka nyuzi 2 mpaka 8. Batri ya pili ikifa usiku, asubuhi unachanja kuku na maji tu, na mama mwenye kuku atakuja kukuuliza wewe, hatauliza shofere.

Mpango huu ni uleule wa zile gari-nyumba ambazo wazungu wanalala ndani. Alternata inachaji batri ya kwanza, na kati ya batri mbili kuko rele. Motere ikizunguka, rele inafunga njia na batri ya pili inakula pia. Motere ikizimwa, rele inafungua, ili frigo isimalize batri ya kuwasha gari. Basi. Ni kakopo kadogo, lakini kakiharibika watu wanahukumu batri.

Mwaka jana jeep moja tuliyotembea nayo ilibadilishiwa batri ya pili mara mbili. Mekanisye alisikiliza rele, akasikia «tik», akasema iko muzima. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. «Tik» inaonyesha tu kwamba koili inavuta. Haionyeshi kama umeme unapita kwenye vidole vya ndani, juu vidole vikiungua vinagusana na bado vinazuia.

Chukua testeri, hata ile ya bei ndogo ya soko, uiweke kwenye volti DC. Kwanza pima batri zote mbili asubuhi, mbele ya kuwasha kitu chochote. 12,6 ao 12,7 ni imejaa. 12,2 ni karibu nusu. Chini ya 11,9 iko inalia njaa. Kisha washa motere, kanyaga kidogo, pima batri ya kwanza. Ikipanda kati ya 13,8 na 14,4, alternata inafanya kazi. Ikibaki 12,4, achana na rele, shida iko kwa alternata ao mukanda wake.

Ile jeep yetu: batri ya kwanza 14,1, ya pili 12,3. Volti 1,8 zimepotelea njiani. Sasa zinapotelea wapi? Angalia fyuzi kwanza (usicheke, mara nyingi ni yenyewe). Halafu geuza rele usome namba chini yake. 85 na 86 ni koili, 30 na 87 ni njia ya umeme mkubwa. Motere ikizunguka, kati ya 85 na 86 lazima upate volti 12 na zaidi. Ukipata sifuri, rele haijaambiwa kitu: fuata waya unaotoka alternata ao kontakti, na ule unaoenda kwa masi. Ukipata volti lakini «tik» hakuna, koili imekufa.

Kama inalia, weka vidole vya testeri kwenye 30 na 87 wakati batri ya pili inachaji. Inafaa uone karibu sifuri, 0,1 hivi. Sisi tuliona 1,6. Rele ilikuwa ya ampea 30, na batri tupu inaweza kuvuta zaidi ya hapo, kila siku, mpaka vidole vinaungua. Tuliweka ya ampea 70, na batri ya pili ikafika 13,9 bila kununua batri ya tatu.

Zile 0,2 zilizobaki ni waya. Hapa hesabu ya shule inasaidia. Waya wa shaba wa mm² 2,5, urefu metre 5, ukipitisha ampea 20, unakula volti 0,7. Wa mm² 16 unakula 0,1. Ukitaka kubadilisha, ondoa kwanza waya wa kutoa (–), na uweke fyuzi karibu na kila batri, juu waya mnene ukikwaruzwa kwenye bodi unawaka moto.

Barabara ya RN5 nayo inalegeza vichwa vya batri kwa mitetemo, kaza kila wiki. Gari zilizoingia maji, kama wakati Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, rele zao zinaweza kuota kutu ya kijani polepole. Fungua kisanduku uangalie.

Na tafazali, batri ya kufunguliwa usiiongezee maji ya ziwa. Ruzizi inateremsha chumvi kutoka Kivu mpaka Tanganyika; zile chumvi zinazoharibu udongo wa bonde zinaharibu pia sahani za risasi ndani ya batri. Nunua maji ya batri.

Hesabu ya mwisho: frigo ikivuta ampea 4 na kuzunguka nusu ya muda, ni ampea 2 kwa saa. Batri ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo uko na masaa 25. Kwa joto la Uvira hesabu 18, kisha washa motere.