Mbwa Wawili Wachungaji wa Kaskazini: Nyumba Imchague Yupi?

Mnamo mwaka 1880, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua jahazi la Waviking huko Gokstad, nchini Norwe. Ndani yake walikuta mifupa ya mtu aliyezikwa karibu na mwaka 900, pamoja na mifupa ya farasi na ya mbwa. Wapenzi wa mbwa aitwaye buhund husema kwamba wale walikuwa mababu zake hasa. Madai hayo yafaa kupokewa kwa hadhari, maana mfupa hausemi mbwa alikuwa na manyoya ya rangi gani wala alibweka namna gani. Lililo dhahiri ni kwamba Wanorwe waliokwenda kufanya makazi Aislandi tangu karne ya 9 walichukua kondoo, farasi na mbwa wao. Tangu hapo mbwa waliobaki na mbwa waliovuka bahari wakaishi mbalimbali kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hiyo buhund na mbwa mchungaji wa Aislandi ni ndugu, na wote wawili ni adimu.

Kwa umbo ni rahisi kuwachanganya. Kila mmoja ana masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo, na manyoya ya tabaka mbili: ya ndani laini yenye kuhifadhi joto, na ya nje magumu yenye kutiririsha mvua. Buhund dume husimama sentimita 43 hadi 47 begani na kuwa na uzito wa kilo 14 hadi 18. Rangi yake ni ya ngano au nyeusi. Mbwa wa Aislandi ana kimo cha karibu hichohicho, lakini rangi zake ni nyingi na huchanganyika na nyeupe, na katika miguu ya nyuma ana vidole vya ziada, mara nyingi viwili viwili. Wote hunyonyoka manyoya kwa wingi, na mwenye kuchukia kufagia asiwaguse.

Tofauti iliyo muhimu zaidi imo katika tabia, nayo hufahamika kwa kuitazama kazi waliyozaliwa nayo. Jina buhund lina maneno mawili ya Kinorwe, moja likimaanisha makao ya mkulima pamoja na mifugo yake, na jingine mbwa. Alichunga, alilinda ua, na alimfuata bwana wake kutwa. Mpaka leo hujifunza upesi sana, na asipopewa la kujifunza hujitafutia mwenyewe, aghalabu kwa hasara ya viatu na mito ya nyumbani.

Mwenzake wa Aislandi alikuwa na kazi nyingine. Wakulima wa kisiwa hicho huwaachilia kondoo milimani majira yote ya joto, kisha mwezi Septemba huwakusanya. Mbwa hawasukumi kondoo kwa kuwakodolea macho kimya kama afanyavyo mbwa wa mpakani mwa Uskoti. Huwasukuma kwa kubweka. Tena alizoea kutazama juu na kuwabwekea ndege wakubwa wanaonyakua wana-kondoo. Hamu yake ya kuwinda ni ndogo, na wageni huwapokea kwa furaha, sifa mbili zinazoifaa nyumba yenye watoto na kuku. Lakini sauti yake haikomi kwa sababu tu amehamia ghorofani. Wote wawili ni wapigaji kelele. Mwenye ukuta mwembamba na jirani mkali aanze kwa kumwuliza huyo jirani.

Basi aliye tayari kutembea kwa kasi kila siku na kumfundisha mbwa kwa subira, buhund atamfaa. Familia yenye watoto wadogo na wageni wengi itapata nafuu zaidi kwa yule wa Aislandi.

Hata hivyo, swali lenye uzito kuliko hayo yote ni la urithi. Katikati ya karne ya 20 mbwa wa Aislandi walibaki wachache mno. Mwingereza Mark Watson aliwatafuta katika mabonde ya mbali na kupeleka baadhi yao California katika miaka ya 1950. Mwaka 1967 Sigríður Pétursdóttir alianza kuwazalisha kwa utaratibu huko kwao. Jamii iliyopita katika tundu jembamba namna hiyo huwa na ndugu wengi wasiojijua kuwa ni ndugu.

Hatari yake ni hii. Kila mtoto hupokea nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Kasoro nyingi hujificha: mwenye nakala moja tu huwa mzima, na mwenye nakala mbili huugua. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamegundua badiliko la urithi linalowafanya watoto wa buhund wayumbe na kupepesuka wangali wachanga. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuugua. Kipimo cha damu au cha mate huwatambua wabebaji, na mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa matokeo ya wazazi wote wawili, pamoja na picha za nyonga zao. Mfugaji anayeona haya kuonyesha, afadhali aachwe na mbwa wake.

Limebaki jambo la tegu, ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kulijua. Katika karne ya 19 Waaislandi wengi waliteseka kwa uvimbe wa maji katika ini na mapafu. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmaki, Harald Krabbe, alifika huko, akachunguza mbwa na kuona kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na tegu mdogo asababishaye ugonjwa huo. Mbwa humpata kwa kula matumbo mabichi ya kondoo, na mtu hupata mayai yake kwa kumshika mbwa na kula bila kunawa. Kijitabu cha Krabbe kiligawiwa nyumba kwa nyumba. Matumbo yakazikwa au kuchomwa, mbwa wakapewa dawa, na ugonjwa ukatokomea. Ni ugonjwa uleule uliowatesa sana Waturkana wa kaskazini mwa Kenya, ambako kampeni ya kuuzuia ilianza mwaka 1983.

Hofu hiyo iliufanya mji wa Reykjavik upige marufuku ufugaji wa mbwa mwaka 1924, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1984. Kwa miaka 60 mkaaji wa mji mkuu wa Aislandi hakuruhusiwa kumfuga mbwa wa nchi yake mwenyewe.