Kijana mwenye usonji akifikishwa mahakamani

Mzazi, tuchukulie kijana wako wa miaka 19 amekamatwa Makole, jijini Dodoma, kwa madai ya kuiba simu. Askari anamuuliza, "Umeiba simu?" Naye, kama anavyofanya nyumbani, anarudia alichosikia: "Umeiba simu." Askari anadhani anamkejeli. Kesho yake mahakamani anajibu "ndiyo" kwa kila swali. Mshtakiwa akikiri kosa, hakimu anaweza kumtia hatiani siku hiyo hiyo, bila shahidi hata mmoja.

Usonji si kichaa. Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Kanuni ya Adhabu humwondolea hatia mtu ambaye maradhi ya akili yalimfanya asielewe alichokuwa akitenda, na mahakama huweza kuagiza apimwe katika Hospitali ya Mirembe, hapa hapa Dodoma. Lakini kijana anayejua kuwa wizi ni kosa huenda asisaidiwe na utetezi huo. Kwake, la muhimu ni hakimu kujua mapema jinsi anavyoelewa maswali na kuyajibu.

Kwa hiyo tunza cheti cha daktari. Mweleze askari, kisha hakimu, kabla kijana hajasomewa mashtaka. Akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi isikilizwe faragha, ofisa ustawi wa jamii akiwapo. Akizidi umri huo, omba msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017.

Na usisubiri kesi. Leo hii mjulishe mwenyekiti wa mtaa na majirani kwamba kijana wako ana usonji.