Fahamu: Kusoma na hesabu, ni damu au mazingira?

Mtoto wa Matungu, magharibi mwa Kenya, akiwa hodari darasani, majirani husema amemfuata mamake. Wana sababu. Mwaka 2014, utafiti wa mapacha wa Uingereza wenye miaka 12 ulionyesha kwamba takriban nusu ya jeni zinazochangia uwezo wa kusoma huchangia hesabu pia.

Lakini jeni haziwezi kununua kitabu.

Mwaka 2015 Kenya ilianza mpango wa Tusome kwa darasa la kwanza na la pili: kila mtoto na kitabu chake, kidole kikifuata mstari silabi kwa silabi, afisa wa elimu akija na tableti kuwasikiliza. Usomaji ukapanda, na jeni zilikuwa zilezile! Kwa mtoto wa Matungu aliyelelewa kwa lugha ya Kiwanga kando ya mashamba ya miwa, kitabu hicho ni jambo kubwa mno.