Samani za Kale na Maneno Yake

Wahenga walisema "kipya kinyemi ingawa kidonda", lakini walisema pia "ya kale ni dhahabu". Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu, methali hizi mbili hukutana kila siku. Mwenye nyumba anataka kabati jipya linalong'aa. Mgeni anataka kasha la bibi yake mwenye nyumba. Katika makala haya tunakusudia kueleza kinachowavutia wanunuzi wa vitu hivyo, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili mbali na pwani.

Tuanze na lugha yenyewe. Kitu kikuukuu ni kile kilichochakaa kwa kutumika. Kitu cha zamani ni cha wakati uliopita, hata ukiwa wa juzijuzi. Kitu cha kale ni cha enzi za mbali, nacho kikongwe kimeishi miaka mingi mno. Muuzaji hodari hakuuzii kiti kikuukuu; hukuuzia kiti cha kale, ingawa kiti ni kilekile. Sehemu ya bei imo katika kivumishi.

Hata hivyo, mvuto wa vitu hivi si maneno matupu. Jambo la kwanza ni ubora wa mti na wa kazi. Makasha mengi yaitwayo ya Zanzibar yaliletwa na majahazi kutoka India, zikiwemo bandari za Surat na Bombay. Mengine yaliundwa kwa msaji, mengine kwa mti wa Kihindi ambao ni wa jamii moja na mpingo wetu. Yalipambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, yakawekewa saraka chini, na ndani kijisanduku cha pembeni cha kuwekea vito. Kiti cha enzi nacho, chenye mgongo mrefu, kiliundwa kwa mbao nyeusi, kikatiwa vipande vya pembe au mfupa, na kikasukwa kwa kamba mahali pa kukalia. Hakikuwa kiti cha kila mtu; alikalishwa mgeni wa heshima.

Jambo la pili ni historia. Samani za chumba kimoja zinatosha kufundishia somo zima la asili ya maneno. Kiti na kitanda ni maneno ya Kibantu. Sanduku na sahani yametoka katika Kiarabu. Meza, kasha na bweta yametoka katika Kireno. Kabati limetoka katika Kiingereza. Biashara ya Bahari ya Hindi, ambayo wanafunzi huisoma vitabuni, hapo wanaweza kuigusa kwa mikono.

Jambo la tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa, ni kwamba kitu cha kale huja na matumizi yake. Chukua kibao cha mbuzi, yaani kile kigoda chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Wanafunzi wetu wengi hawajakiona, hivyo hushangaa wakisikia kwamba mtu "amekalia mbuzi". Ukikileta darasani, mengi hujieleza yenyewe. Mbuzi wa kufugwa hupotea, lakini mbuzi ya kukunia nazi hupotea vilevile. Tofauti ni kwamba mmoja "amepotea" na nyingine "imepotea". Kitenzi "kukunia" nacho kinaonyesha kwamba kauli ya kutendea haina kazi ya kumfanyia mtu jambo tu, bali huonyesha pia kifaa. Kutoka hapo utafika kwenye tui, na kwenye kifumbu cha kuchujia.

Hapo ndipo penye hasara tunayoihofia. Kitanda cha zamani kina matendegu yanayokisimamisha, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni. Maneno haya yamo kamusini, lakini ni wanafunzi wangapi, hata walimu, wanaoweza kuyaonyesha kwa kidole? Kitanda kikiuzwa kwa mgeni na kupelekwa ng'ambo, mbao husalimika na huenda zikatunzwa vizuri kuliko awali. Majina hubaki kwa wazee waliokilalia, na wazee hawakai milele.

Kwa anayetaka kununua, tahadhari ni tatu. Kwanza, "kitanda usichokilalia hujui kunguni wake", na hapa methali ina maana yake ya wazi pia: kagua kunguni, mchwa na vitobo vya wadudu wa mbao. Pili, si kila kinachoitwa cha kale ni cha kale. Yapo makasha mapya yaliyopakwa rangi ya uzee. Tazama ndani ya saraka na chini ya kasha, mahali ambapo mkono wa msanii haukutazamiwa kufika. Tatu, sheria. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inahitaji kibali cha kutoa vitu vya kale nchini, na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inalinda milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango uliong'olewa nyumbani si samani tena. Ni nyumba iliyojeruhiwa.

Ndugu msomaji, si lazima idara ya Kiswahili iwe na kiti cha enzi. Kibao cha mbuzi, kinu, mkeka na kifumbu vinatosha kuanzia, na bei zake hazitishi. Lakini kabla ya kulipa, muulize muuzaji, na ikiwezekana yule aliyekitumia: kinaitwaje, sehemu zake ni zipi, hutumiwa na kitenzi gani, na kina methali gani? Andika majibu kwenye kadi na uifunge kwenye kifaa. Tukinunua kifaa bila jina lake, tutakuwa tumenunua kuni za bei ghali.